Ndege Iliyokosa Wanunuzi

Tramu ya T1 inayotoka katikati ya jiji la Toulouse huwashusha wauguzi na wagonjwa kwenye hospitali ya Purpan, halafu hubaki na watu wa aina moja: wanaume kwa wanawake wenye vitambulisho shingoni, wanaokwenda kazini kuunda ndege. Hao ndio waliokuwa wenzangu asubuhi moja ya manyunyu. Wao waliendelea mbele, mimi nikashuka Beauzelle na kutembea hadi Aeroscopia, jumba la makumbusho lililojengwa ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Blagnac.

Karibu kila anayeingia humo anaifuata Concorde. Ndani imo moja, nje ipo nyingine, na siku hiyo watoto wa shule walikuwa wamejipanga chini ya pua yake kama wanaosubiri kupewa mkono na rais. Mimi nilikuwa nimekuja kumwona jirani yake. Imeegeshwa humohumo ukumbini, nyeupe, nene, injini mbili zikining'inia chini ya mabawa, na kwa mtu aliyewahi kufika uwanja wowote mkubwa wa ndege katika miaka 30 iliyopita haina cha kumshangaza. Bwana mmoja mzee aliitupia jicho, akamwambia mkewe jambo fulani, wakapita zao. Hiyo ndiyo Airbus A300.

Sababu ya kutoshangaza kwake ni kwamba zilizofuata karibu zote zimeiiga. Mwaka ilipozaliwa, ndege ya abiria yenye mwili mpana, yaani yenye njia mbili za kupita kati ya viti, ilikuwa na injini nne kama Boeing 747 ya mwaka 1970, au tatu kama DC-10 na TriStar zilizofuata. Kuwabeba watu 250 kwa injini mbili tu kulionekana ni ujasiri wa bure. Kanuni za Marekani zilikuwa zinaizuia ndege ya injini mbili isiende mbali zaidi ya mwendo wa dakika 60 kutoka uwanja wa karibu inapoweza kutua, kwa hofu kwamba injini moja ikizimika baharini hakuna pa kukimbilia. Ajabu ni kwamba wazo lenyewe lilitoka hukohuko Marekani. Mwaka 1966 Frank Kolk, mhandisi wa American Airlines, aliandika sifa za ndege aliyoitaka: pana, ya injini mbili, ya watu wapatao 250, inayoweza kutumia viwanja vyenye njia fupi. Viwanda vya kwao vikaisoma karatasi hiyo, vikaongeza injini ya tatu. Wazungu wa ng'ambo hii ya Atlantiki wakaichukua ilivyo.

Kuichukua kulikuwa rahisi kuliko kuilipia. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilikubaliana mwaka 1967, lakini mwaka 1969 serikali ya Uingereza ikajitoa ikiamini mradi hautauzika. Kampuni ya Kiingereza ya Hawker Siddeley, ambayo ndiyo iliyokuwa na ujuzi wa mabawa, ikabaki kwa fedha zake. Tarehe 29 Mei mwaka huohuo mawaziri wa Ufaransa na Ujerumani walitia saini kwenye maonyesho ya ndege ya Le Bourget, wakiwa wameketi ndani ya mfano wa kabini ya ndege ambayo haikuwapo bado. Nimeiona picha ya shughuli hiyo: suti, kalamu, na viti vya abiria wasiokuwapo. Ukitaka kujua mradi wa serikali unavyoanza popote duniani, usitafute picha nyingine.

Mtu aliyeiokoa ndege hii, kwa maoni yangu, ni mhandisi Roger Béteille. Namba 300 katika jina ilitokana na idadi ya viti iliyokusudiwa mwanzoni. Béteille akaona hakuna shirika la Ulaya litakaloijaza ndege hiyo, akaipunguza hadi viti 250 hivi, na punguzo hilo likampa nafasi ya kutumia injini za General Electric zilizokuwa zikitengenezwa kwa ajili ya DC-10, badala ya kusubiri injini mpya ya Rolls-Royce. Akaamua pia kwamba Wafaransa, Wajerumani na Waingereza wake watafanya kazi kwa Kiingereza, na vipimo viwe vya inchi, si vya mita, kwa kuwa mashirika aliyotaka kuyauzia yalikuwa yamezoea ndege za Kimarekani. Mfaransa kuamua hivyo, tena katika enzi za Jenerali de Gaulle na warithi wake, si jambo dogo.

Nilipanda ngazi nikaingia ndani ya A300. Sehemu za sakafu na kuta zimewekewa vioo ili mgeni aone yaliyofichwa nyuma ya mapambo, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote mle ndani. Ukiinama unaona tumbo la ndege, na humo yamo makasha ya bati ambayo upande wake mmoja umekatwa mshazari chini ili yalingane na mviringo wa mwili. Wafanyakazi wa viwanjani wanayaita LD3. Ni makasha yaleyale yanayoingia kwenye tumbo la Boeing 747. Mwili wa A300 ulipewa kipenyo cha mita 5.64 ili makasha mawili ya namna hiyo yakae bega kwa bega. Sakafu ya abiria ikapandishwa juu kidogo, na upana uliobaki huko juu ukatosha viti vinane: viwili, njia, vinne, njia, viwili. Mtu akikuambia kwamba ndege hubuniwa kuanzia kwenye starehe ya abiria, mpeleke akaone kioo kile. Ilianza mizigo, sisi tukapangwa juu yake.

Na bado mpangilio ukawa wa heshima. Katika safu ya mbili, nne, mbili, hakuna anayelazimika kuwaamsha watu wawili ili aende msalani. Hata aliyewekwa katikati kabisa ana mtu mmoja tu kati yake na njia. Aliyewahi kukaa dirishani kwenye ndege nyembamba ya viti vitatu vitatu, jirani zake wote wawili wakikoroma, anajua thamani ya hesabu hiyo.

Kuna kitu kingine mle ukumbini kilichonichekesha. Karibu na A300 imesimama Super Guppy, ndege yenye kichwa kilichovimba ambayo kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vya Airbus: mabawa kutoka Uingereza, sehemu za mwili kutoka Ujerumani, vyote vikiletwa Toulouse kuunganishwa. Super Guppy yenyewe ilitengenezwa kwa kuitanua ndege ya zamani ya Boeing. Kwa hiyo kwa miaka mingi kila Airbus iliingia kiwandani ikiwa imebebwa tumboni mwa mshindani wake.

A300 ya kwanza ilitolewa kiwandani tarehe 28 Septemba 1972, na siku hiyo pia Concorde ilikuwapo ikivuta macho ya watu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Oktoba, rubani Max Fischl akairusha kwa mara ya kwanza. Air France ikaanza kubebea abiria Paris hadi London tarehe 23 Mei 1974. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepaa kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, na mtu angedhani mashirika yatakimbilia ndege inayokunywa kidogo. Hayakukimbilia. Yalifunga mikoba. Korean Air ilikuwa imeagiza, Lufthansa ilichukua zake, Indian Airlines na shirika la Afrika Kusini pia, lakini ukafika wakati mwaka 1976 na mwanzoni mwa 1977 ndege zikawa zinamalizika kiwandani bila mwenyewe, zinaegeshwa Blagnac na mikia myeupe isiyochorwa nembo ya mtu. Nilijaribu kuipiga picha hiyo kichwani nikiwa nimesimama dirishani mwa ukumbi, nikitazama uwanja uleule ambao leo mikia mipya ya kila rangi imejipanga ikisubiri wenyewe waje na hundi.

Aliyelivunja tanga hilo alikuwa Frank Borman, aliyewahi kuuzunguka mwezi kama kamanda wa Apollo 8, na sasa mkuu wa Eastern Air Lines ya Marekani. Mwaka 1977 Airbus ilimpa ndege nne azijaribu kwa miezi sita karibu bure, yeye alipie tu gharama za kuzirusha. Eastern ilikuwa na TriStar za injini tatu, kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu: njia zilezile, abiria walewale, mafuta pungufu. Mwaka 1978 akaagiza 23. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Gikomba anaujua mtindo huo wa kumwachia mteja mzigo akaujaribu kwanza, ila si wengi wanaouthubutu kwa kitu cha bei hiyo.

Niliporudi kwenye Concorde wale watoto walikuwa wameondoka. Ni ndege nzuri, hilo halina ubishi. Zilitengenezwa 20 tu, zikabeba abiria kwa mashirika mawili, Air France na British Airways. A300 zilitengenezwa 561, ya mwisho ikitoka kiwandani mwaka 2007.

Afrika Mashariki jina hili liliingia katika vitabu vya historia kwa njia ambayo hakuna shirika lililoipanga. Miezi kadhaa baada ya Toulouse nilikuwa Uganda kwa shughuli nyingine, na siku ya kuondoka nikamwomba dereva tutoke Kampala mapema tupitie njia ya karibu na uwanja wa zamani wa Entebbe. Barabara ya kulipia inakufikisha upesi. Zamani safari hiyo ingekuchosha kwa foleni. Uwanja wa zamani uko kama kilomita mbili kutoka jengo la abiria la sasa, upande wa ziwani, na ni eneo la kijeshi. Mtu hapigi picha, wala hasimami ovyo. Tulipunguza mwendo tu, dereva akanyoosha kidole kuelekea ulikosimama mnara wa zamani wa kuongozea ndege.

"Kila mgeni ananiuliza makomando walipitia wapi," akaniambia. "Wewe, ssebo, ndiye wa kwanza kuniuliza ndege iliegeshwa wapi."

Alikuwa kijana, hakuwa amezaliwa mambo hayo yalipotokea. Lakini habari yenyewe aliijua kama anavyoijua kila mtu wa Entebbe, na aliisimulia kwa Kiswahili cha Kampala chenye Kiganda ndani yake huku akitazama kioo cha nyuma kuona kama kuna gari la jeshi.

Ndege ilikuwa A300 ya Air France, safari namba 139, iliyoondoka Tel Aviv tarehe 27 Juni 1976 kwenda Paris kwa kupitia Athens. Athens ndiko walikopanda watekaji wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Wakaipeleka Benghazi, Libya, ikajazwa mafuta, halafu ikashushwa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 28. Toka Benghazi hadi ukingo wa Ziwa Victoria ni kilomita zinazokaribia 3,800, yaani jangwa zima la Sahara na Sudan yote. Matoleo ya mwanzo kabisa ya A300, yaliyotengenezwa kwa safari fupi za Ulaya, yangepata taabu kuimaliza safari hiyo yakiwa na watu 250. Hii ilikuwa ya toleo la B4, lililoongezewa tangi la mafuta katikati ya mwili ili liwavutie wateja wa mbali. Sijaona kitabu cha utekaji huo kinacholitilia maanani tangi hilo. Vingi vinaanza na Idi Amin na kumalizia na ndege nne za Hercules za Israeli, na ndege ya Ufaransa inabaki pembeni ya picha.

Rubani alikuwa Michel Bacos. Abiria wasiokuwa Waisraeli walipoachiliwa kwa mafungu mawili, 148 kwa jumla, yeye na wenzake wa kazi walikataa kuondoka. Wakasema abiria waliobaki ni jukumu lao. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walishuka, mateka 102 wakaokolewa, watatu wakafa katika mapambano, na kamanda Yonatan Netanyahu akauawa. Bi Dora Bloch, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye kwa amri ya utawala. Wanajeshi kadhaa wa Uganda nao walikufa, na ndege zao za kivita zikateketezwa pale zilipoegeshwa. Ndege za Israeli zilitia mafuta Nairobi zikirudi. Deni hilo lililipwa na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda: mamia waliuawa, maelfu wakakimbia. Kwetu habari hii husimuliwa kama filamu ya ushujaa, na sehemu hiyo ya mwisho hurukwa.

A300 yenyewe ilibaki pale uwanjani ikiwa nzima. Ilirejeshwa kwa Air France, ikaendelea kubeba abiria ambao bila shaka wengi wao hawakujua wamekalia viti vya nani, na uzeeni ikageuzwa kuwa ya mizigo. Kugeuzwa ya mizigo ndiyo hatima ya A300 nyingi, na hapo ile hesabu ya makasha mawili bega kwa bega ikalipa tena. Moja ya DHL ilipigwa kombora ikipaa kutoka Baghdad tarehe 22 Novemba 2003, mafuta ya haidroliki yakamwagika yote, usukani ukawa pambo tu. Marubani wawili na mhandisi wao wakaishusha kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili. Wote watatu walitoka hai.

Haikuwa hivyo kila mara. Tarehe 3 Julai 1988 A300 ya Iran Air iliyokuwa ikitoka Bandar Abbas kwenda Dubai iliangushwa na makombora ya manowari ya Marekani, USS Vincennes, wakafa wote 290. Dubai ileile, miaka mitatu kabla, tarehe 25 Oktoba 1985, ilikuwa imeanzisha shirika lake la Emirates kwa ndege za kukodi kutoka Pakistan, A300 ikiwamo. Kila anayekwenda Dubai leo kutafuta vipuri na vitenge anapita katika mlango uliofunguliwa siku ile.

Na Kenya? Mwaka 1986 Kenya Airways, iliyokuwa imezoea Boeing 707 za njia moja katikati, ilipokea A310, ambayo ni A300 iliyofupishwa: mwili uleule, kipenyo kilekile, viti vilevile vinane. Kwa rika langu hiyo ndiyo ndege tuliyopelekwa na shule kuitazama kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta. Moja iliitwa Harambee Star. Tarehe 30 Januari 2000 ilianguka baharini dakika moja hivi baada ya kupaa kutoka Abidjan, wakafa watu 169, wakapona 10. Kuna familia Nairobi ambazo jina hilo la ndege haliwezi kutajwa mezani kwao.

Dereva wangu wa Entebbe akanishusha kwenye jengo la abiria, tukaagana, nikaingia ndani kujisajili. Safari yangu ilikuwa ya Uganda Airlines kwenda Dubai, kwa A330-800. Uganda inazo mbili, zimeandikwa 5X-NIL na 5X-CRN: mto Nile na korongo wa bendera. Ni toleo ambalo wateja wake wanahesabika kwa vidole, Kuwait Airways, Uganda Airlines na Air Greenland, kwa hiyo ukoo wa kukosa wanunuzi unaendelea. Injini ni mpya, mabawa ni mapya, na usukani umekuwa kijiti pembeni ya rubani. Lakini mwili ni wa mita 5.64. Airbus haikuona sababu ya kuubadilisha. Viti ni 258, karibu na idadi ileile aliyoipigania Béteille, na huko nyuma vimepangwa viwili, vinne, viwili.

Nilipewa kimoja cha katikati. Kushoto kwangu aliketi mama mmoja mwenye duka Kikuubo, anayekwenda Deira kununua bidhaa, mtu aliyeifahamu njia hiyo kuliko wahudumu. Tulipokuwa tukisukumwa kurudi nyuma nikamweleza, kwa furaha ya mtu aliyesoma jambo jipya, kwamba tumeketi ndani ya mwili wenye upana uleule wa ile ndege ya mwaka 1976, tena uwanja uleule.

Alinisikiliza kwa adabu. "Ile ya Amin?"

"Ile ile, mama. Upana mmoja."

"Na huko chini?" akauliza. "Huko chini nako ni sawasawa?"

Nikamwambia ni sawasawa, makasha mawili yanakaa bega kwa bega. Akatoa simu, akafungua picha za marobota aliyokuwa ameyaacha Deira safari iliyopita kwa sababu ya uzito, akaanza kunieleza moja baada ya jingine lina nini, lina kilo ngapi, na ni lipi litakalotangulia kupanda safari hii.